Somari imegoma: kutafuta chanzo cha tatizo kwenye kaseti bandia ya Famicom

Somari ni ile gemu ambayo Mario kavamia nyumba ya Sonic. Ilitengenezwa Taiwani mwaka 1994 kwa ajili ya Famicom, konsoli ya Nintendo ya Japani, bila leseni ya Nintendo mwenye Mario wala ya Sega mwenye Sonic. Viwanja vyake vimetoka kwenye Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 ya Mega Drive, konsoli ya Sega, isipokuwa Labyrinth iliyoachwa, na ile mbinu ya kujiviringisha papo hapo kabla ya kufyatuka imechukuliwa kwenye gemu ya pili ya Sonic.

Kaseti halali ikianza vioja, kuna kitu kimeharibika. Kaseti bandia ina vioja vingine ilivyozaliwa navyo. Nimeshaona bodi iliyokwanguliwa hadi shaba kuonekana, mwenyewe akitafuta ugonjwa ulioandikwa ndani ya gemu tangu kiwandani. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini jiulize kwanza mwenye kosa ni nani: kaseti, konsoli, tivi, au mwandishi wa gemu? Huyo wa mwisho hatengenezeki.

Andaa pamba za masikio, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mita ya umeme, na kaseti nyingine ambayo una hakika inafanya kazi. Hiyo kaseti ya pili ina thamani kuliko mita. Mwenye kaseti moja na konsoli moja hana namna ya kujua amshtaki nani.

Konsoli haiwaki kabisa

Hapa kaseti mara nyingi haina kosa. Itoe, uwashe konsoli tupu. Taa ikiwaka bila kaseti na kuzimika ukiichomeka, kaseti ina shoti. Usiirudishe tena kwenye konsoli. (Famicom ya asili haina taa ya umeme. Kwa hiyo angalia tivi: chenga zikitulia na kuwa rangi moja unapowasha, umeme umefika.)

Isipowaka hata ikiwa tupu, angalia adapta kabla ya kitu kingine chochote, na uiangalie kwa macho yako mwenyewe badala ya kuamini kwamba "plagi imeingia vizuri". Famicom ya asili inataka volti 10 za umeme wa DC, miliampia 850, na hasi ikiwa katikati ya plagi. NES ya Marekani (NES ni Famicom iliyouzwa nje ya Japani) ilikuja na adapta inayotoa volti 9 za AC. Plagi zinaingiliana. Ukichomeka adapta hiyo ya AC kwenye Famicom unaua sehemu za ndani, kwa sababu Famicom haina kitu cha kugeuza AC kuwa DC. Mashine za kuiga Famicom nazo kila moja ina kanuni yake, na nyingi huweka chanya katikati. Soma mchoro mdogo wa duara uliochapwa kwenye adapta na kwenye konsoli. Usipouona, pima kwa mita. Kosa lingine la kawaida ni kuchomeka adapta ya Japani ya volti 100 kwenye soketi ya volti 220 au 240: hufa papo hapo, wakati mwingine kwa moshi.

Adapta ikiwa sawa na bado giza, zinafuata swichi ya kuwashia iliyoliwa na vumbi, kisha regyuleta, ile chipu yenye miguu mitatu ambayo kwa kawaida ni 7805. Mguu wake wa kutokea utoe karibu volti 5, yaani kati ya 4.75 na 5.25.

Acha hapa ikiwa adapta inanuka kuungua, imevimba au inatoa mlio. Usiifungue kuitengeneza, inunuliwe nyingine.

Inawaka, lakini skrini ni nyeusi au rangi moja

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na mara nyingi chanzo ni uchafu kwenye meno ya kaseti. Kaseti ya Famicom ina meno 60, 30 kila upande. Jino moja tu la upande wa prosesa likikosa kugusa, programu haianzi. Kaseti bandia nyingi zilipakwa dhahabu nyembamba sana au hazikupakwa kabisa, hivyo huota ukungu wa kahawia upesi.

Lowesha pamba kwa spiriti, sugua kila upande kwa kwenda juu na chini kufuata urefu wa meno, badilisha pamba hadi itoke nyeupe, kisha acha ikauke dakika kadhaa. Msasa usiuguse. Kifutio cha penseli nakivumilia kwa jino lililokataa spiriti, mara moja, kwa mkono mwepesi, kisha unafuta mabaki yake. Na ile tabia yetu ya kupuliza tuiache. Huwa inaonekana kusaidia kwa sababu kaseti imetolewa na kurudishwa, ikakaa vizuri zaidi. Unyevu wa pumzi ndio unaoleta kutu mwezi unaofuata.

Baada ya usafi, jaribu kuichomeka bila kuisukuma hadi mwisho kabisa, au inyanyue milimita moja hivi huku umeme umezimwa, kisha washa. Makasha ya kaseti bandia hayakufuata kipimo kimoja: bodi nyingine hukaa chini mno ndani ya kasha, nyingine huinama upande. Ikianza kuwaka katika nafasi moja tu, fungua kasha uone kama bodi imelegea kwenye vishikizo vyake. Kipande cha karatasi ngumu nyuma ya bodi kimeokoa kaseti nyingi kuliko lehemu.

Kama unatumia NES yenye meno 72 kupitia kibadilishio, hesabu ni nyingine. NES ya sanduku la mbele ina chipu ya ulinzi inayotafuta mwenzake ndani ya kaseti; asipopatikana, konsoli hujizima na kujiwasha, taa ikipepesa kila sekunde. Kaseti ya Famicom haina chipu hiyo, kwa hiyo lazima kibadilishio kiwe nayo. Taa ikipepesa, usihangaike na Somari bali angalia kibadilishio na sloti. Famicom yenyewe haina ulinzi huo, wala ile NES ya sloti ya juu ya mwaka 1993.

Sababu inayofuata ni konsoli kutopatana na bodi. Somari hutumia saketi ya kubadilisha kurasa za kumbukumbu yenye tabia tatu: inaweza kujifanya VRC2 ya Konami, au MMC3, au MMC1 za Nintendo, na gemu huihamisha kutoka tabia moja hadi nyingine. Ni werevu wa ajabu kwa kitu cha magendo. Lakini mashine ya kuiga yenye chipu moja iliyobana kila kitu inaweza kukosea hesabu ndogo ya muda hapo, na gemu isianze. Jaribu kaseti kwenye konsoli nyingine kabla hujaitangaza kuwa imekufa. Ikiwa Somari yako ni faili ndani ya kaseti ya kadi ya kumbukumbu, angalia kama kaseti hiyo inaijua mapa namba 116 (mapa ni namba inayotaja aina ya saketi hiyo ya kubadilisha kurasa). Isipoijua, skrini nyeusi ndilo jibu sahihi.

Mwisho kabisa ndipo unaifikiria chipu. Ukifungua utakuta mojawapo ya vitu viwili. Chipu zenye miguu ya kawaida zinaweza kuwa na lehemu iliyopasuka. Fundi mwenye mkono mzuri huirudisha kwa dakika chache. Tone jeusi la gundi ngumu lina chipu chini yake, imeunganishwa kwa nyaya nyembamba kuliko unywele. Hilo halifunguliki. Likifa limekufa, na fundi akikuahidi kulitengeneza, ondoka. Ukikuta chipu yenye dirisha la kioo lililofunikwa stika, usiibandue kwa udadisi, maana mwanga wa jua hufuta kilichomo.

Gemu inachezeka, lakini picha imechafuka

Hapa Famicom inakusaidia kupata jibu mapema. Prosesa inasoma programu kupitia nyaya zake, na chipu ya picha inasoma michoro kupitia nyaya nyingine kabisa. Kwa hiyo ukisikia muziki na Mario anaruka unapobonyeza, huku ardhi imekuwa herufi na mistari, upande wa programu ni mzima. Tatizo liko kwenye njia ya michoro.

Angalia namna ya uchafu wenyewe. Mistari ya wima iliyojirudia ndani ya kila mchoro huelekeza kwenye waya mmoja wa data: safisha meno upya. Michoro mizima ikiwa mahali pasipo pake, kwa mfano kipande cha pete mahali pa nyasi, huelekeza kwenye waya wa anwani au saketi ya kubadilisha kurasa. Hapo usafi ukishindwa, bonyeza bodi taratibu kwa ncha ya kijiti cha mbao huku gemu ikicheza. Picha ikibadilika unapogusa sehemu fulani, umepata lehemu iliyopasuka. Isipobadilika popote, inawezekana chipu imechoka.

Kuna uchafu mmoja wa kipekee: Mario na maadui wako sawa, lakini mandhari ikisogea vipande huchomoza mahali pasipo pake au nusu ya skrini hurudia nusu nyingine. Kaseti ndiyo inayoiambia konsoli jinsi ya kupanga kurasa mbili za mandhari, kwa kutumia jino lake maalumu. Jino hilo likiwa chafu, skrini iliyosimama huonekana nzuri na kichaa huanza ukikimbia tu. Kwa gemu ya mbio kama hii utaliona ndani ya sekunde tano.

Kwa kaseti zilizochapwa miaka ya karibuni, ongeza shaka moja. Nyingine hutumia chipu za kumbukumbu za volti 3.3 zilizochomekwa moja kwa moja kwenye nyaya za volti 5. Hucheza vizuri wiki chache, kisha michoro huanza kuoza, na konsoli nayo huumia kwa kubeba mzigo usio wake. Ukifungua na kuona chipu ndogo ya kisasa bila chipu za kushusha volti pembeni yake, iweke pembeni.

Picha safi, sauti hakuna

Kila mtu hukimbilia tivi. Sawa, angalia tivi: sauti haijazimwa, waya wa sauti haujachomoka, na kama unatumia antena, stesheni imekamatwa barabara, kwa sababu stesheni iliyokaa vibaya kidogo huleta picha na kuacha sauti.

Lakini Famicom ina siri inayowapiga chenga hata mafundi. Sauti yake haiendi moja kwa moja kwenye tivi. Inatoka kwenye prosesa, inaingia ndani ya kaseti kupitia jino la 45, inatoka kupitia jino la 46, ndipo inaendelea na safari. Mpango huo uliwekwa ili kaseti iweze kuongeza sauti zake. Kwenye kaseti isiyo na nyongeza, meno hayo mawili yameunganishwa tu kwa kipande kifupi cha shaba. Kwa hiyo uchafu kwenye 45 au 46 unanyamazisha konsoli nzima.

Kipimo ni rahisi. Weka kaseti nyingine. Sauti ikirudi, safisha Somari upande wa meno ya 31 hadi 60, sehemu ya kati. Kisha weka mita kwenye kipimo cha shoti, gusa jino la 45 na la 46: inapaswa kulia. Isipolia hata baada ya usafi, kipande cha shaba kimekatika, na waya mfupi uliolehemiwa kati ya njia hizo mbili humaliza kazi. Hii ni kazi ya lehemu ambayo anayeanza anaweza kuijaribu, mradi asilehemu juu ya meno yenyewe.

Muziki ukisikika lakini mlio wake ni mkavu au wa puani ukilinganisha na rekodi ya Famicom halisi, kaseti haihusiki. Mashine nyingi za kuiga zimebadilishana maumbo mawili ya mawimbi ndani ya chipu yao. Utazoea.

Inaganda katikati ya mchezo

Anza na mtikisiko: kaseti inayoganda ukigusa meza ina meno machafu au sloti iliyolegea. Kisha joto. Gemu ikiganda baada ya dakika 20 au 30, na baada ya kupumzika ikakubali tena, gusa kasha juu ya regyuleta. Joto kiasi ni kawaida yake. Lakini mkono ukishindwa kuvumilia, huenda adapta inatoa volti nyingi kupita kiasi na regyuleta inachoma ziada yote. Kapasita kuukuu zilizovimba kichwani nazo huleta kuganda pamoja na mistari hafifu inayopanda kwenye skrini.

Ikiganda mahali palepale kila mara, kwenye konsoli mbili tofauti, kuna uwezekano mkubwa kwamba nakala yako ina baiti iliyoharibika au kosa la mwandishi. Ikiganda wakati wa kuwasha tu, na ukizima na kuwasha mara tatu inakubali, huenda gemu inategemea kumbukumbu kuwa na thamani fulani bila kuzifuta kwanza. Kosa hilo ni la kawaida kwenye gemu za magendo. Hapo hakuna cha kulehemu.

Mario anakimbia mwenyewe au hasikii vitufe

Fungua padi. Ndani kuna mpira wenye doa la kaboni chini ya kila kitufe. Safisha bodi kwa spiriti, mpira kwa kitambaa kikavu. Kitufe kinachosikia kwa kubonyezwa kwa nguvu ni kaboni iliyokwisha. Kisichosikia kabisa pamoja na wenzake ni waya uliokatika pale unapoingilia kwenye padi.

Mario akivutwa kulia kwa mguso mmoja mmoja bila wewe kugusa kitu, hasa pale ngoma au mlio uliorekodiwa unapopigwa, usiilaumu padi haraka. Prosesa ya Famicom ina dosari inayojulikana: inapochota sampuli ya sauti, inaweza kuvuruga usomaji wa padi, na kosa hilo mara nyingi huonekana kama kitufe cha kulia. Waandishi makini husoma padi mara mbili na kulinganisha. Si kila aliyeandika gemu bila leseni alijisumbua hivyo.

Onyo moja: mashine nyingi za kuiga zina soketi ya padi ya pini 9 inayofanana kabisa na ya Mega Drive. Nyaya zake hazifanani. Usichomeke padi ya Mega Drive ili tu kumpa Mario vitufe vya nyumbani kwa Sonic.

Polepole, bila rangi, au inatetemeka

Gemu iliandikwa kwa picha 60 kwa sekunde. Konsoli ya mfumo wa 50 itaicheza kwa kasi pungufu kwa karibu asilimia 17, muziki pamoja. Huo si ugonjwa. NES halali ya 50 hupata taabu zaidi, kwa sababu prosesa yake ina mwendo tofauti na hesabu za gemu huvurugika. Mashine za kuiga za aina ya Dendy, iliyouzwa Urusi kuanzia mwaka 1992, zilipangwa makusudi ili gemu za 60 zisivunjike. Picha nyeusi na nyeupe ni tivi kutoelewa mfumo wa rangi wa konsoli: badilisha mfumo kwenye menyu ya tivi, au jaribu tivi nyingine. Tivi ya kioo kinene usiifungue kamwe kwa ajili ya hili, hata ikiwa imechomolewa. Ndani hubaki umeme wa maelfu ya volti.

Pete na maadui kupepesa vinapokusanyika mstari mmoja ni sheria ya mashine. Famicom inaweza kuonyesha spraiti (vile vipicha vinavyosogea juu ya mandhari) 8 tu kwenye mstari mmoja wa skrini na 64 kwa jumla. Na uzito wa Mario? Prosesa ya Famicom inakwenda megahezi 1.79, ya Mega Drive 7.67. Mario kuchechemea kwenye mteremko ambao Sonic angeupaa ndiyo Somari yenyewe.

Faili haifunguki kwenye emuleta

Ukiwa umenakili kaseti yako mwenyewe na emuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga konsoli, inatoa skrini ya kijivu, angalia baiti 16 za mwanzo wa faili. Humo ndimo ilimoandikwa namba ya mapa, na lazima isome 116. Programu moja ya zamani ya kunakili ilikuwa ikiandika neno "DiskDude!" kuanzia baiti ya saba, ukihesabu kutoka sifuri, na herufi D ya kwanza hugeuza 116 kuwa 68, emuleta inaishia kuwasha bodi ya gemu nyingine kabisa. Fungua faili kwa kihariri cha baiti, hifadhi nakala pembeni, rekebisha baiti ya saba iwe 70 kwa hesabu ya hekisadesimali, futa zinazofuata hadi ya 15 ziwe sifuri, kisha ujaribu tena. Ikikataa bado huku namba ikiwa sahihi, nakili kaseti upya baada ya kusafisha meno na ulinganishe nakala mbili. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, rudi kwenye pamba na spiriti.